Saa Kwenye Paji la Uso

Mimi, Eliécer Tutistar, mtunza ghala wa hospitali hii ya Pasto,
mguu mmoja wa nyama, mmoja wa plastiki na skrubu,
nimeombwa na waandaaji wa sherehe niseme machache.
Machache sina. Ketini.

Nilimjua kwanza kwa viatu.
Nimelala chali kwenye matope ya Putumayo,
masikio yanalia nzi,
sajenti anapiga kelele, Asikanyage mtu! Asikanyage mtu!
na viatu viwili vinakuja mbio, vinakanyaga.
Kapteni Nubia Erazo, daktari wa kikosi,
kilo hamsini na mbili pamoja na bastola
ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiikoki.

Akafunga ukanda juu ya goti, akakaza, akakaza
hadi nikamtukania mama yake.
“Tukana vizuri,” akasema. “Anayetukana anapumua.”
Kisha akatoa kalamu ya wino mzito,
akaniandika kwenye paji la uso
kama anayeandika bei kwenye gunia la viazi:
saa nane na dakika kumi na moja.

Ukanda una muda wake. Ukizidi, kilicho chini yake kinakufa.
Atakayekupokea lazima ajue saa imeanza kukimbia lini.

Wenzangu wawili hakuwaandika.
Mmoja alimfunga bandeji, akamwambia, “Wewe subiri.”
Wa pili alikuwa Wilmer, mwana wa muoka mikate wa Túquerres.
Huyo alimshika mkono.
Basi. Alimshika mkono tu,
na sisi tulioona tukageuza macho.

Miaka ikaenda. Wakampa ukanali,
kisha wakamvua gwanda wakampa hospitali:
deni refu kuliko korido zake,
jenereta yenye pumu,
na lifti iliyokufa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.
Wauguzi wakanong’ona, huyu atatuamsha kwa filimbi.
Akaja na sweta ya kijivu iliyotoboka kiwiko.
Ofisini hakwenda. Alishuka ghalani kuhesabu glavu,
na mimi nikasema nyuma yake,
“Saa nane na dakika kumi na moja.”

Alisimama na lile boksi mkononi muda mrefu sana.
Halafu akauliza, “Saizi ndogo zimebaki ngapi?”

Sasa hili wengine hamtaki nilitaje.
Mwaka wa tatu pesa ilikuwa blanketi fupi:
ukifunika kichwa, nyayo zinabaki nje.
Akafunga wodi ya wazazi kule mlimani,
akanunua mtambo wa oksijeni.
Mwezi wa pili yake, mwanamke alijifungulia kwenye lori la kabichi,
na mtoto hakulia.
Mkurugenzi alipanda huko peke yake, bila dereva,
akaketi jikoni kwao, akamshika yule mama mkono
mpaka maji ya chunguni yakakauka.
Mama huyo ni dada wa mke wangu.
Hadi leo, jina la daktari likitajwa mezani kwetu, kijiko kinawekwa chini.

Kisha ukaja ule msimu wa vifua,
na mitungi yetu ilikuwa imejaa,
na nilizungusha funguo zake kwa mikono hii,
kitanda baada ya kitanda.
Hesabu hiyo msiniombe niijumlishe. Mimi nahesabu glavu.

Daktari, nakuona unatazama ukuta,
unataka nimalize, mvua inashuka kutoka Galeras
na basi la mwisho halimsubiri mstaafu.
Namaliza.
Nani ana kalamu? Si hiyo, ya wino mzito.
Inamisha kichwa kidogo. Kidogo tu.
Tukana ukitaka.

Saa kumi na moja na robo.
Atakayekufungulia mlango leo
ajue ukanda umelegezwa lini.