Barua ya Kujieleza

Kwa Meneja, Machimbo ya Chokaa, Koru.
YAH: kwa nini shimo la kaskazini limejaa maji
na malori kumi na moja yamelala siku tatu.

Bwana,
umeniuliza kwa mistari minne yenye muhuri.
Nitajibu kwa mingi. Niwie radhi.

Mimi ni Dorsila Akeyo, wa mabwawa.
Wenzangu huniita Mama Tope
na sijawahi kulikataa jina.
Kazi yangu ni kuyaambia maji: tulieni.
Tulieni bwawa la kwanza, mtue mchanga.
Tulieni la pili, mtue udongo.
La tatu, acheni hata ule unga mweupe
unaoufanya mto ufanane na maziwa
ambayo ndama huyanusa, akageuka.
Ndipo mwende zenu Nyando, na salamu.

Kila bwawa lina kijiti changu.
Nimekipaka rangi nyekundu
pale tope linapopaswa kuambiwa basi.
Januari, lilibakiza vidole vinne.
Februari, viwili.
Machi niliitafuta rangi, sikuiona.
Niliandika. Nakala ninazo tatu,
moja ina duara la kikombe chako cha chai.
Ulijibu: tingatinga ni la mawe, si la matope.
Sikubisha. Nilichukua sepetu.

Alhamisi mawingu yalishuka kutoka Nandi
saa tatu usiku, bila kupiga hodi.
Kipimo changu kilijaa, nikakimwaga, kikajaa.
Milimita sitini na moja kwa saa mbili:
ziko daftarini, wino umechuruzika
lakini tarakimu zinasomeka.
Maji mekundu ya barabara ya malori
yakakutana na meupe ya shimo.
Magunia ya mchanga yakaanza kusogea
kama watu waliochoka kupanga foleni.
Bwawa la tatu likabakiza ukingo
upana wa kiganja.
Kiganja changu. Nilipima.

Bwana, chini ya bomba letu la mwisho
kuna kisima cha Tapkigen.
Mwaka jana kiliingia tope letu
akalizoa kwa karai, siku kumi na nne.
Nilienda kuomba msamaha.
Hakunitukana. Alinipa glasi,
akasema: karibu maji.
Nilikunywa yote.
Meno yangu yalisaga mchanga hadi jioni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi niliutoboa huo ufa.
Nilikwenda na jembe kwenye tuta la barabara,
tochi mdomoni,
nikachimba mpaka maji yakasita,
yakanitazama,
yakageuka.
Yalirudi shimoni yalikotoka, kwa kishindo,
na barabara ikayafuata nusu yake.
Hakuna aliyenisaidia.
Kama kulikuwa na nyayo nyingine pale, za buti namba kumi,
mvua imezifuta, nami sizikumbuki.

Unaniuliza nani alinipa ruhusa.
Hakuna.
Unaniuliza kama najua bei ya siku moja bila mawe.
Najua. Mume wangu alikuwa dereva wa lori namba saba.
Lakini shimo ni letu, Bwana,
na tope ni letu.
Nililirudisha likalale kwetu.
Maji yakimwagika hayazoleki;
kuelekezwa, yanaelekezeka,
mtu akiwahi.

Jana, Jumapili, nilishuka bombani na chupa.
Niliyachota yanayotoka, nikayaacha yatulie
muda wa kuchemsha chai.
Kisha nikaiweka chupa juu ya barua yako
nikaisoma kupitia maji:
muhuri, tarehe, neno *uzembe*,
mpaka jina langu mwishoni,
herufi zote, hata ile *y* uliyoiandika kwa hasira.

Kiambatisho: chupa moja.
Tafadhali usiimwage.
Tutailinganisha na ya Mei.

Wako mtiifu, kwa kiasi,
D. Akeyo.

Tena: bwawa la pili bado limejaa.
Kijiti kimo humo humo, chini.
Nahitaji tingatinga kwa siku mbili.