Zeri ya Kopo la Rangi

Jina lako kamili silijui.
Sista wa zahanati alisema: zeri, ile ya limau,
akanipa kijiti kimoja ndani ya gazeti lililolowa.

Nikakupanda kwenye kopo la rangi, matundu matatu ya msumari,
huku Kabale, ukungu unakoamka kabla ya watu.
Kyomuhangi akakuona: "Huu si upupu?"
Akakung'oa nusu.
Kisha akanusa vidole, akanyamaza,
akanisaidia kurudisha udongo.

Onzima hulala macho wazi
tangu arudi kutoka lindo lile asilolitaja.
Sikuchemshi; moto mkali hukufukuza.
Majani konzi moja, maji yaliyokwisha kutulia,
sahani juu ya kikombe, harufu isitoroke.

Sitasema umemponya.
Jana alikunywa, akalalamika hakuna sukari,
akauliza mvua itanyesha lini:
swali lake la kwanza wiki hii.

Leo nimekukata, nimebakiza vidole viwili.
Nakujua, mkaidi wewe,
ukikatwa ndiyo kwanza unatanuka.
Mke wa koplo, chumba cha nne, kaja na kopo lake;
bado linanuka samli.