Herufi Mbili

Nilimwambia Vygantas, Jumanne moja jioni,
juu ya maktaba ya Boston, Lincolnshire, hita ikikohoa,
buti zake zikidondosha tope la mashamba ya koliflawa
kwenye zulia la halmashauri:
usidhani kila neno linapendeza likivishwa mkia.
Quick huwa quickly, sawa, slow huwa slowly,
lakini hard ukiibandika l na y
bidii haiongezeki. Inayeyuka.
Work hard, na jasho likutoke mpaka kisogoni.
Hardly work, na umeshika kisu cha kukatia koliflawa
kama anayemshikia mwenziwe mwavuli.

Alicheka. Akaandika daftarini, kwa Kilithuania,
kitu kirefu kuliko nilichosema.

Wiki iliyofuata akaingia saa imekwenda:
"Nisamehe, mwalimu, nimekuja lately."
Late ni kuchelewa, nikamwambia, lately ni siku hizi.
"Basi lately niko late," akajibu,
na mara hiyo hakukosea hata kidogo.

Sababu ilikuwa Bi Winifred Tasker, mwenye nyumba wake,
aliyeanza kuanguka kwenye ngazi.
Februari akaanguka ya mwisho.
Vygantas alinisimulia bila kukosea neno,
nami nikatamani angekosea:
hospitali ilikuwa near. Nearly walifika.

Binti wa marehemu, Hilary, alikuja kutoka Leeds
na mkoba mmoja na orodha.
Akamwomba mpangaji aseme machache kanisani,
maana miaka sita alikunywa chai katika jiko lile
ambalo yeye alilikimbia.
Karatasi hakunionyesha. Alitaka, nadhani, kunishangaza.

"She hardly worked," alisoma, sauti ikimpasuka,
"and she hardly loved us."

Yaani, kwa masikio ya watu wale:
kunyanyua kidole ilikuwa taabu,
na upendo wake, tone, tena la kukamuliwa.
Mtu alikohoa. Muuza nyama akang'ata mdomo.
Mimi nilifungua kitabu cha nyimbo, ukurasa wowote,
nikajificha humo, mwalimu mzima, miaka thelathini ya chaki.
Hilary hakuinamisha kichwa.

Kwenye chai nilimfuata, sandwichi mkononi,
nikaanza: alikusudia kusema, unajua, ni kosa la kawaida sana,
kuna neno fupi na kuna...
"Usimsahihishe," akasema.
Alikoroga kikombe kisicho na sukari.
"Mama alikuwa nayo yote mawili.
Yeye alipewa lile fupi."

Jumanne akaja mapema, amenyoa.
"Nilisema vizuri?"
Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni, nikaiacha huko.
Nje mvua ilikuwa ikipiga, nikamwonyesha dirisha:
it is raining hard,
na ule mnara wa kanisa, tazama, we can hardly see it.
Akaandika sentensi zote mbili, moja chini ya nyingine,
kwa mwandiko wa mtoto mwenye vidole vya mtu mzima.
Akazitazama kwa muda.
Kisha kidole, chenye kovu la kisu, kikapanda juu,
kikashuka chini, kikapanda tena.
"Na Bi Winifred," akauliza, "ni ipi?"

Nikasema maktaba inafungwa saa mbili.
Ilikuwa bado saa moja na nusu.