Ufa

Siku ya nne tangu mshtuko wa moyo
mzee Hamazasp aliketi, akala mtindi, akaomba wembe.
Nje Gyumri ilikuwa imefunikwa na theluji
na mwanawe keshauliza bei ya teksi ya kurudi nyumbani.

Saa nane usiku nikamwekea stetoskopu
kwa mazoea tu, kama mtu ajaribuye kitasa alichokwisha kukifunga.
Jana palikuwa na mapigo mawili, du-du, du-du.
Leo katikati yake palikuwa na msumeno.
Nikaweka kiganja: ngozi ilitetema
kama mgongo wa paka aliyeshiba.
Miguu baridi. Presha tisini, inashuka.
Daktari Shushanik alikuja na soksi, bila viatu.

Kwenye skrini damu ilipita pasipo na mlango,
kutoka chumba cha kushoto hadi cha kulia,
ikitoboa ukuta uliokufa.
"Miaka kumi na tisa," alisema, "na huu ni wa pili."
Na yule wa kwanza?
Hakujibu. Alikuwa akipima tundu:
milimita kumi na moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa.
Lakini ufa huu ukiuziba mapema
unaondoka na ukuta wenyewe.

Alikuwa mwashi. Baada ya lile tetemeko
alisimamisha upya nusu ya mtaa wetu, jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi.
Alimsikiliza daktari kama fundi amsikilizavyo fundi.
"Chokaa haijakauka?"
"Bado. Nikishona leo, uzi utakata nyama kama siagi."
"Mnangoja nini?"
"Kovu."
"Na mimi?"
"Wewe ngoja usife."

Tukapitisha puto kinenani hadi mshipa mkuu,
livimbe, linywee, liupunguzie moyo mzigo.
Dawa tone kwa tone. Kila alfajiri
swali lile lile: leo, au kesho?

Siku ya tisa mkojo ulikauka.
Hapo hatukuchagua; tulichaguliwa.
Gari likamchukua kwenda Yerevani.

Aprili ilikuja bahasha: picha ya kifua chenye mshono,
na nyuma yake, kwa penseli ya mwashi:
*Bado panavuja kidogo. Kuta zangu zote
huvuja mwaka wa kwanza.*

Mimi, tangu usiku ule,
simwamini mgonjwa wa siku ya nne
anayeomba wembe.