Kumbukumbu ya Kumi na Saba

Mimi ndiye karani wa baraza.
Jumamosi, saa tisa, chumba cha nyuma, Dagoretti:
wazee tisa na mchungaji,
naye akitaka kusema huinua mkono kama sisi.
Hapa hatuna askofu. Tuna daftari.

Leo nilifungua lile la zamani,
jalada limeliwa na mende,
nikitafuta mwaka tulionunua kengele.
Nikamkuta baba.

*Gathogo wa Muthigani amekutwa na muratina.
Asishiriki Meza ya Bwana hadi atubu.
Imependekezwa. Imeungwa mkono. Imepita.*

Kumbe ndiyo maana Jumapili za mkate
alibaki nje akilinda baiskeli za watu,
akatuambia anapenda hewa.

Nikapekua hadi mwaka aliofariki.
Hakuna aliyemrudisha.

Na sisi huwafundisha watoto
kwamba neema hainunuliwi,
kwamba kijiti kiliwaka moto wala hakikuteketea.
Wino nao, naona, hauteketei.

Nikasimama. "Bwana moderata, nina hoja."
Mzee Kimotho akakohoa:
"Kanuni hazina kipengele cha wafu."
Kimya. Mabati yakalia kwa jua.
Kisha Nyakinyua, aliyekuwa akifuma sweta,
bila kuinua macho:
"Naunga mkono."

Mikono saba.
Mmoja wetu alitazama dirisha tu.

Nikaandika, herufi kubwa kuliko kawaida:
*Gathogo wa Muthigani. Arudishwe Mezani.*
Nikaupuliza wino ukauke,
polepole,
kama mtu anayempozea mgeni chai.