Majina Matatu ya Dakika Moja

Waliniletea imezikwa ndani ya mchele.
Wavu wa dagaa uliinasa, mama yake akawahi kuliko polisi;
alisikia mchele hunywa maji.
Nikauchambua punje kwa punje. Sikumwambia
kwamba mchele hauna elimu hiyo.

Simu ya Nyanzobe, muuza mabondo wa Igombe:
siku tisa chini ya ziwa,
tope kwenye tundu la chaji
na gamba moja la sangara limeng'ang'ania kioo.

Nikaandika kilichopokelewa, na nani, lini.
Nikasaini. Koplo Masalu akasaini.
Kielelezo ni maziwa:
yakilala wazi usiku mmoja, hayanyweki.

Nikaing'oa kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha,
nikainakili, asili nisiiguse tena.
Nikazipima zote mbili kwa hesabu moja,
herufi na tarakimu sitini na nne.
Kulwa na Doto.

Nilimkuta mle.
Mabondo juu ya mizani, picha imetikisika.
Deni la Gwisu, limeandikwa mara tatu.
Sauti kwa mwanawe: "Usisahau kuloweka maharage."
Na muamala wa mwisho, milioni mbili na laki nne,
kwenda kwa shemeji yake, Lutonja.
17:14:09.

Wakili wa utetezi akainuka, tai imenyooka.
"Saa kumi na moja na dakika kumi na nne jioni
mteja wangu alikuwa Bugando, wodini,
daftari la mlinzi hilo hapo.
Shahidi wa Jamhuri alisikia kelele saa mbili usiku.
Sasa mashine ya huyu mama
inamshitaki nani?"
Watu wakacheka. Hata karani.

Nikanywa maji kwanza.
Nikasema, Mheshimiwa, daftari la mlinzi ni la kweli.
Ila moyo wa simu hauishi Igombe.
Unahesabu saa za Grinichi,
ambako jua hufika nyuma yetu kwa saa tatu.
Kumi na saba ya huko, ishirini ya hapa.
Na ishirini ya hapa, kwa sisi tuhesabuo tangu macheo,
ni saa mbili usiku.
Dakika ni ile ile.
Imeitwa majina matatu.

Hakuna aliyecheka.
Kalamu ya Jaji ilikwenda muda mrefu;
juu ya bati korongo walihama mguu kwa mguu.
Lutonja alitazama saa yake ya mkononi
kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

Kwenye ngazi mama yake alinisubiri.
"Ile sauti ya maharage. Naweza kupewa?"
Ni kielelezo, mama. Mpaka rufaa iishe.
Akaitikia kwa kichwa, akafunga upya kanga.
"Na mchele wangu?"

Upo kabatini, nikasema.
Kilo moja kasoro punje.
Nao una namba.