Mwendo wa Kusema

"Tembea," alisema mkunga Wakesho,
"mwendo wa kusema, si mwendo wa kuimba.
Ukiweza kuimba, unajivuta tu.
Ukishindwa kusema, umepitiliza."

Basi huu si wimbo, mwanangu.
Ni maneno ya mtu anayehema
akizunguka uwanja wa Kaloleni alfajiri,
Julai, ukungu umening'inia kwenye magoli
kama shuka iliyosahaulika kuanuliwa.

Maharagwe kumi, mfuko wa kushoto.
Kila raundi moja linahamia kulia.
Bibi yako ndiye aliyeyachagua,
mekundu, yasiyo na tundu la dumuzi.
Lakini hilo ni la juzi.
Mwezi wa tatu alizifungia raba zangu kabatini:
"Mimba ni yai. Yai halitembezwi."
Sikumlaumu.
Alikuwepo.

Kabla yako kulikuwa na mwingine.
Miguu ilivimba hadi ndara za baba yako zikanibana,
nikasema ni jua.
Kichwa kikagonga, nikasema ni njaa.
Vimulimuli mbele ya macho, saa sita mchana,
nikapangusa macho kwa leso, nikaendelea kufua.
Nasikia nilirusha mikono
kama mtu aliyevamiwa na nyuki.
Nilizinduka ulimi mzito,
tumbo jepesi.

Wakasema majini. Wakasema kijicho cha jirani.
Wakesho ndiye aliyelipa jambo jina lake:
kifafa cha mimba,
na aliyekizaa, presha, mgeni asiyepiga hodi.
Jina halikunirudishia mtu,
ila niliacha kuwachunguza majirani.

Raundi ya nne. Treni inapiga honi Makadara
nawe unageuka.
Unaipenda au unaichukia, sijui.
Vijana wa mpira wananipisha;
kipa wao ameanza kuniita Kapteni.

"Itanilinda?" nilimwuliza.
Alinifunga kile kitambaa mkononi,
akabonyeza, hewa ikabana, ikalegea.
Hakunidanganya.
"Inapunguza," alisema. "Haifuti."
Nusu saa, siku tano kwa wiki,
kidonge alichoniandikia daktari kila usiku, kliniki bila kukosa.
Na vimulimuli vikirudi, au kichwa kikigoma,
nisiseme nimalize raundi:
nije, hata kama ni saa nane za usiku.

Inapunguza.
Ndivyo Mama Atemo anavyopunguza bei ya sukuma:
shilingi tano, wala si bure.
Lakini tano ni tano.
Kuna watu wamelala wameshiba
kwa sababu ya tano.

Juzi nikamkuta bibi yako mlangoni,
raba za baba yako miguuni, soksi mbilimbili,
leso kiunoni kama anayekwenda kugombana.
Hakuomba radhi.
Akanijaza maharagwe kiganjani.
"Wewe hujui kuhesabu," alisema.
"Jana ulisema raundi nane.
Nilikuwa dirishani. Zilikuwa saba."

Sasa yuko nyuma yangu,
anaisema baridi, anaisema nyasi,
anavisema vidonge vyake mwenyewe vya presha
ambavyo baba yako alidhani vimekwisha tangu Krismasi.
Raundi mbili, kisha anaegemea mwamba wa goli
na kunisimamia kama refa.

Jana kipimo kilisoma mia moja kumi na sita,
chini yake sabini na nne.
Wakesho aliandika bila kuinua kichwa,
akaita, "Anayefuata!"
Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Raundi ya tisa. Ngoja
nivute pumzi.
Haragwe lina joto la kiganja changu.

Ya kumi huwa nalitamka jina lake,
yule aliyekutangulia.
Nikiwa nimeketi halitoki.
Nikitembea linatoka,
fupi, linaenea ndani ya pumzi moja.

Na leo, pale golini, ndani ya ukungu,
bibi yako
ameliitikia.